Mfuniko Uliozama

Kirumba, Mwanza
9 Machi 2025

Mjomba wangu Luhaga, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba nguruwe wa jirani amekuachia walau mihogo ya kuchemsha asubuhi. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi, lakini tangu mwanangu Paulo aende chuo Dodoma, nyumba imebaki na mimi, kuku sita na moshi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mjomba. Tuliongea dakika kumi nzima, mimi nikiulizia mahindi, wewe ukinijibu habari za ng'ombe. Ule msumeno wa mashine wa pale shuleni uliyala masikio yako, basi tuandikiane kama watu wa zamani. Barua nampa Venant, yule dereva wa Fuso anayepeleka saruji Sengerema na kurudi na mahindi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba mume wangu Alexander alipofariki, watu wa mtaa walidhani nitavunja tanuri na kupanda mchicha. Sikuvunja. Ni mwaka wa pili sasa nasubu sufuria za alumini mwenyewe hapa nyuma ya nyumba. Nanunua pistoni, rimu na vifuniko vya injini, navianika juani mpaka nihakikishe hakuna hata tone la maji, ndipo navitia kwenye chungu cha chuma juu ya mkaa. Makopo ya soda siyataki, yanakula mkaa bure na kutoa povu. Jirani yangu Antoni, naye ni msubu, mwanzoni alinipigia kelele ng'ambo ya ukuta, "Mama Paulo, moto huo si wa kuivishia ugali!" Siku hizi anakuja kuazima koleo langu.

Ila mpaka leo mteja akija anauliza, "Hapa ndipo kwa Alexander?" Nami naitikia ndiyo. Wiki iliyopita alikuja Mama Celestina, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akauliza, "Hapa ndipo kwa Dorcas?" Mjomba, nilitaka kumkumbatia. Wana sufuria moja kubwa ya kiwandani, ile ya misiba na arusi, mfuniko wake ulipotelea kwenye msiba mmoja na hakuna anayekiri kuuona. Anataka nimsubie mwingine. Nikiipatia kazi hii, akina mama wa vikundi vyote watakuja, na watakuja kwa jina langu. Nikiiharibu, unawajua akina mama.

Shida ni kiolezo. Sisi huwa tunachukua sufuria ya zamani, tunaikandamiza kwenye mchanga, inaacha umbo lake, tunamimina. Sasa mfuniko wenyewe haupo, na siwezi kukandamiza mchangani kitu kisichokuwepo. Nahitaji mfuniko wa mbao, na mkono ninaouamini ni wako tu. Mdomo wa sufuria ni sentimita sitini kamili. Mfuniko uzidi milimita nne kila upande ili ukalie ukingo. Kila kitu kingine nakuachia wewe.

Ni mimi mpwa wako,
Dorcas

Sengerema
13 Aprili 2025

Mayu Dorcas, mama yangu, marahaba.

Mimi ni mzima. Nguruwe alikula mihogo, jirani akamchinja, akaniletea mguu. Nahesabu kwamba mihogo yangu imerudi.

Barua yako ilichelewa kwa sababu Venant alilala Kigongo akingoja kivuko. Mtu anaangalia daraja limesimama pale mbele yake, limebakiza kidogo tu kwisha, naye anangoja kivuko. Hiyo nayo ni adhabu.

Nimesoma habari za tanuri lako mara mbili. Nitakuambia jambo ambalo marehemu mama yako angekuambia kama angekuwepo: sikutegemea. Wewe uliyekuwa ukikimbia panzi! Leo unamimina chuma cha moto kama mtu anayemimina uji. Nilimsimulia mzee mwenzangu hapa, akasema ninamdanganya. Nikamwambia asubiri.

Kiolezo hiki hapa, nimekifunga kwenye gunia. Ni mninga mkavu. Sentimita sitini na milimita nane, mayu. Si saba, si tisa. Unajua nilifundisha useremala miaka thelathini na moja. Wanafunzi waliniita Bwana Milimita nyuma ya mgongo wangu, wakidhani sisikii. Enzi hizo nilikuwa nasikia.

Usishangae kwamba imenichukua wiki nne. Mbao kavu siku hizi hazipatikani kirahisi, na mvua ilinyesha. Na kama mistari ya barua hii inapanda mlima, mlaumu fundi aliyetengeneza meza hii. Si mimi.

Nijulishe mfuniko umekaaje.

Mjomba wako,
Luhaga

Kirumba
4 Mei 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Hatujambo. Paulo amefaulu mitihani ya muhula, anakusalimu sana. Kuku wamebaki watano, wa sita sijui alikwenda wapi na wala simuulizi mtu.

Mjomba, nilipofungua gunia nilikaa chini. Nimeona mbao nyingi maishani, lakini ile nilipitisha kiganja mzunguko mzima, sikupata mahali mkono unapokwama. Antoni alikuja kuazima koleo, akakishika kiolezo chako, akakigeuza, akakigeuza tena, koleo akalisahau. Mwisho akasema, "Huyu mzee alikitengeneza au kilizaliwa?"

Nilikipaka unga wa mkaa kisinate, nikakizika kwenye mchanga, nikashindilia taratibu mpaka mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Nilipokiinua, mjomba, alama ilibaki safi kabisa, hata ule mkunjo mdogo uliouchonga kwenye kishikio ulionekana. Nikayeyusha pistoni tisa na rimu moja ya gari dogo. Nikaondoa povu, alumini ikatulia kama maziwa yaliyotoka jikoni. Nikamimina kwa mkono mmoja bila kusita, maana ukisita katikati kitu kinatoka na mshono. Niliimba kidogo. Alexander naye alikuwa akiimba.

Mfuniko umetoka unang'aa. Hauna tundu hata moja.

Mengine nitakuandikia. Mvua huku ni nyingi.

Ni mimi,
Dorcas

Sengerema
18 Mei 2025

Dorcas, marahaba.

Umesema mfuniko unang'aa. Sikukuuliza kama unang'aa.

Mimi ni mwalimu. Najua mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Nakuuliza sasa: umekaa kwenye sufuria au haukukaa?

Ng'ombe hawajambo. Pamba ni ya wastani.

Luhaga

Kirumba
8 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Nilianza barua hii mara tatu.

Haukukaa. Akina mama walikuja kumi na mmoja kuuchukua, wameshona na sare. Mama Celestina akaniambia, "Haya Dorcas, funika wewe mwenyewe, tushangilie." Nikauinua, nikauweka, ukapita moja kwa moja ukaingia ndani ya sufuria, ukatua chini, ngaa! Kama sarafu kwenye sahani ya sadaka. Wakainama wakachungulia ndani. Kisha mmoja akasema labda ni sahani ya kukaushia vyombo, wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie.

Nikasubu wa pili kwa kiolezo kile kile, nikidhani mchanga ulinisaliti. Nao ukazama. Sasa mtaani wana msemo, mtu akikosea kitu wanamwambia amefunika kwa Dorcas. Jina nililokuwa nalitafuta nimelipata, ila si hivyo nilivyotaka.

Mama Celestina amenipa mpaka mwisho wa Julai, halafu atanunua karatasi la bati wakate.

Mjomba, kuna kitu nataka kukuuliza na mdomo unakuwa mzito. Ile mistari ya barua zako. Nimeitazama yote. Je, ulipokuwa unapima, mwanga ulitosha? Sijasema umekosea. Kiolezo sijakipima na sitakipima, maana mimi ni nani nipime kipimo chako? Nauliza tu kama macho yako hayajambo.

Usinikasirikie. Nina wewe tu upande wa mama.

Dorcas

Sengerema
29 Juni 2025

Mayu Dorcas, marahaba.

Barua hii utaipata leo leo. Daraja limefunguliwa, Venant anavuka dakika chache tu, na sasa hana tena kisingizio. Nami pia sina.

Macho yangu yamekwisha. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, tangu mwaka jana. Nakuandikia juani, mezani nje, na bado neno naliona kama lipo nyuma ya pazia la jikoni. Kiolezo chako nilikipima kwa kucha. Nilikata alama kwenye rula kwa kisu ili kidole kisome mahali jicho lisiposoma. Wiki nne zile si mvua, mayu. Ni mimi niliyekuwa napapasa.

Daktari aliniambia nikapasuliwe, ni kazi ya muda mfupi. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nasubiri kazi yako. Nikasema, kiolezo kikikaa, basi mkono bado ninao, nitakwenda nipate na macho. Kisipokaa, macho ya kuangalia nini? Ng'ombe nawajua kwa harufu.

Sasa nimepata jibu. Nimekuchekesha mbele ya watu kumi na mmoja waliovaa sare. Miaka thelathini na moja niliwachapa watoto wa watu kwa milimita moja, leo mimi nimekosea nane.

Kwenye gunia hili analokuletea Venant kuna randa zangu mbili, patasi zote, bikari na tupa. Tumia au mpe mtu. Masikio hayapo, na macho yakifunga kabisa hata barua hizi zitakwisha, kwa hiyo nakuambia kabisa wakati bado naweza: umefanya kazi kubwa kuliko wanaume wengi wa ukoo huu. Najivunia wewe. Kosa lilikuwa langu.

Luhaga

Kirumba
13 Julai 2025

Mjomba Luhaga, shikamoo, tena shikamoo, na keti vizuri kabla ya kusoma. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Peleka kiti juani.

KIPIMO CHAKO NI SAHIHI.

Nakuomba usome tena huo mstari kabla hujaendelea.

Gunia lako lilipofika nililia mpaka Antoni akachungulia ukutani. Kisha nikakusanya kila kitu chako nikifunge pamoja, kama tunavyokusanya vitu vya mtu aliyeondoka, Mungu anisamehe. Nikakilaza kiolezo juu ya ule mfuniko uliozama ili nivifunge na kanga moja. Mjomba, mbao ilizidi alumini! Mzunguko mzima, kama nusu ya unene wa penseli ya mtoto. Nikasema haiwezekani, huyu kazaliwa na huyu, mtoto hawezi kutoka kwenye umbo la mama akawa mdogo kuliko umbo lenyewe. Ndipo nikachukua tepu nikafanya kile nilichoapa sitafanya. Nikakipima kiolezo chako. Sentimita sitini na milimita nane. Nikapima kulia, nikapima kushoto, nikapima mshazari. Si saba, si tisa. Nikapima mfuniko: sitini kasoro kidogo, mdogo kuliko mdomo wa sufuria, ndiyo maana ukapita.

Nikaenda stoo nikatoa sufuria mama ya Alexander, ile aliyosubia miaka yote, nikachukua sufuria mpya iliyotoka kwake. Mpya ikaingia ndani ya mama yake kwa raha kabisa. Miaka kumi na saba nimekuwa nikizipanga hivyo rafuni, moja ndani ya nyingine, nikifurahi kwamba hazichukui nafasi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikamvaa Antoni. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. "Mama Paulo, alumini si inanywea ikipoa? Ndiyo maana sufuria na mfuniko wake unazisubu zote kwako, zinanywea pamoja, zinakutana." Nikamwambia mbona hukuniambia? Akasema, "Wewe si ulisema kiolezo kimechongwa na mwalimu? Nikadhani mwalimu amekwisha ongeza."

Ndiyo hivyo, mjomba. Sisi huku hatujawahi kusubu mfuniko wa sufuria ya watu wengine, kwa hiyo kosa halikuwahi kuonekana. Wewe ni wa mbao, na mbao ikishakauka imekauka. Mimi ndiye wa moto, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Na ningejua siku ya kwanza kama ningepima. Nilijizuia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokudhulumu. Niliona adabu kutokupima, kumbe moyoni nilikuwa nimekwisha kukuhukumu. Nisamehe.

Sasa sikiliza lililobaki. Nilikata tyubu ya baiskeli, nikaizungusha kwenye ukingo wa kiolezo chako tabaka mbili, milimita nne kila upande, nikaisugua na sabuni ya kipande. Nikasubu Jumatano. Alhamisi akina mama wakaja, safari hii kumi na tisa, maana wengine walikuja kucheka. Nikauweka mfuniko. Ukakaa. Nikampa Mama Celestina ajaribu, akauzungusha, ukazunguka bila kuruka ukingo. Akaugonga, ukalia. Akasema, "Huu hata mvuke utabisha hodi." Vigelegele vilifika mpaka sokoni Mwaloni. Wameacha sufuria nne nyingine, zote za viwandani, zote hazina mifuniko. Inaonekana Mwanza nzima mifuniko inapotelea misibani.

Randa, patasi, bikari na tupa zako anazo Venant, anakuletea. Sizipokei. Tyubu ya baiskeli ilifaa mara moja, lakini inaacha mawimbi, na mimi sitaki mawimbi. Nataka violezo vinne vya mninga.

Na jambo moja nimelikumbuka usiku nikashindwa kulinyamazia. Macho hayo unayosema yamekwisha, nyuma ya pazia, kwa kucha, yalipiga sitini na milimita nane bila kukosea unywele. Mimi mwenye macho mazima niliangalia sufuria miaka kumi na saba sikuona kitu. Ulisema kiolezo kikikaa utakwenda kwa daktari. Ulichokosea ni kuuliza sufuria. Ungeuliza tepu. Nenda hospitali, mjomba. Nakusihi.

Mpwa wako anayekupenda,
Dorcas

Sengerema
7 Septemba 2025

Mayu Dorcas, marahaba, na wabeja, asante sana.

Utaona mwenyewe kwamba mistari imenyooka. Meza ni ile ile, kwa hiyo yule fundi nimemwomba radhi.

Barua yako niliisoma juani siku mbili. Ule mstari wa herufi kubwa niliusoma, nikaenda kuwafungulia ng'ombe, nikarudi, nikausoma tena. Sikulia. Jirani atakuambia nililia, usimsikilize, ni mtu wa nguruwe.

Kisha nikakasirika. Miaka thelathini na moja, na hakuna kitabu, wala mkaguzi, wala mwalimu mwenzangu wa chuma aliyewahi kuniambia kwamba chuma kinanywea! Mimi naye tulifundisha madarasa mawili yaliyopakana ukuta mmoja na hatukuwahi kuulizana. Nikatoa kipande cha mti, nikatengeneza rula mpya. Ni rula ya uongo. Imeandikwa sentimita mia moja, lakini ukiipima na rula ya kweli ni mia moja na moja na milimita tatu. Ukichonga mbao kwa rula hii, umekwisha kuilipia alumini kile itakachokinyima. Mimi, mayu, niliyechapa watu kwa kuzidisha, sasa nina rula inayozidisha kwa makusudi. Nimeiandika jina kwa patasi: DORCAS. Ni yako, nitaleta na violezo.

Maana nitaleta mwenyewe. Nimepasuliwa jicho la kulia wiki tatu zilizopita. La kushoto ni mwezi ujao.

Walipofungua bandeji palikuwa na muuguzi kijana, msichana mpole, anaongea kwa kupaza sauti kwa sababu walimwambia mzee hasikii. Akaninyooshea vidole akauliza, "Babu, vingapi hivi?" Nikamwambia viwili. Akafurahi, akataka kuandika kwenye cheti. Nikamwambia subiri, binti, hujamaliza kuuliza. Hicho cha kati kimekizidi cha shahada kwa milimita saba. Akacheka, wagonjwa wenzangu nao wakacheka, wakasema mzee dawa zimempanda. Nikakataa kushuka kitandani mpaka ilipoletwa rula.

Wakapima, Dorcas. Ni saba.

Mjomba wako,
Luhaga